Lambada ni wimbo wa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili na matoleo yake

Kodiani ya Lambada ikianza tu ukumbini, huwa kuna mmoja atakayesema ni wimbo wa Brazil, mwingine atasema ni wa Wafaransa, na kijana wa meza ya pili ataapa kwamba ni wa Jennifer Lopez. Majibu yaliyo hapa chini ni kwa yule anayetaka kuufuata wimbo nyuma, toleo kwa toleo, hadi ulikotoka. Anayetaka kumaliza ubishi tu asome swali la kwanza aende zake.

Nijibu kwa kifupi: mtunzi ni nani?

Ndugu wawili wa Bolivia, Gonzalo na Ulises Hermosa, wa kundi la Los Kjarkas. Wimbo wao unaitwa "Llorando se fue", yaani "Aliondoka akilia", na ulitoka mwaka 1981 katika albamu "Canto a la mujer de mi pueblo". Kundi la Kaoma, lililouvumisha duniani mwaka 1989, liliurudia wimbo ambao tayari ulikuwa umepita mikononi mwa watu kadhaa. Tuni ni ya Bolivia. Mapigo na kodiani vilipatikana Peru, maneno ya Kireno yaliandikwa Brazil, na santuri yenyewe ilitengenezwa Ufaransa. Ndiyo maana kila mbishi huwa na kipande cha ukweli mkononi.

Nimeusikiliza wa Los Kjarkas. Mbona hausikiki kama Lambada kabisa?

Kwa sababu unasikiliza mapigo, na kilichosafiri ni tuni. Los Kjarkas ni kundi la Cochabamba, mji wa Bolivia, na muziki wao ni wa nyanda za juu za Andes: kuna zampoña, ambayo ni mianzi ya urefu tofauti iliyofungwa pamoja na kupulizwa kwa juu, kuna quena, filimbi ya wima, kuna charango, gitaa dogo la nyuzi 10 zilizopangwa mbilimbili, na kuna ngoma kubwa ya bombo inayopigwa kwa uzito. Wimbo unafunguliwa na zampoña, taratibu, na pumzi ya mpulizaji inasikika kabisa. Ni wimbo wa huzuni na unaimbwa kwa huzuni.

Fanya hivi. Acha kusikiliza ngoma na uipigie mluzi ile zampoña ya mwanzo. Kisha weka Lambada ya Kaoma na uipigie mluzi kodiani ya mwanzo. Utagundua kwamba hujabadilisha kitu isipokuwa mwendo. Sauti zilezile zinapanda na kushuka kwa mpangilio uleule, na kiitikio kinaanguka mahali palepale. Kwa anayetafuta asili ya wimbo wowote, mluzi ni kipimo kizuri kuliko masikio yaliyojaa biti, maana biti hubadilishwa na kila mtayarishaji, ila tuni huachwa ilivyo kwa kuwa ndiyo inayouza.

Kodiani basi ilitoka wapi?

Hapa ndipo wengi huruka hatua. Simulizi za haraka hutoka Bolivia 1981 na kutua Paris 1989, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Walikuwepo. Mwaka 1984 kundi la Peru liitwalo Cuarteto Continental liliurekodi "Llorando se fue" kama cumbia, mtindo wa muziki wa kucheza wa Amerika ya Kusini, chini ya mtayarishaji Alberto Maraví wa lebo ya Infopesa ya Lima. Wao ndio waliouchukua wimbo wa majonzi wakauchangamsha, na pale zampoña ilipokuwa wakaweka kodiani.

Uamuzi huo mmoja ndio uliofanya Lambada iwe Lambada. Wasikilizaji wetu wa taarabu hawahitaji kuelezwa kodiani inafanya nini: inavuta sauti kama mtu anayelia, halafu inaikata ghafla mguu ukapata pa kukanyaga. Cuarteto Continental waliweka vitu vyote viwili pamoja, kilio ndani ya tuni na mguu ndani ya cumbia. Ukitoka kwao ukaenda moja kwa moja kwa Kaoma, utasikia kwamba pengo limekwisha kabisa. Ukitoka kwa Los Kjarkas kwenda kwa Kaoma bila kupita Peru, utabaki unashangaa.

Kwa maoni yangu, watu wa Lima ndio waliodhulumiwa sifa kuliko wote katika kisa hiki. Hakimiliki ya tuni haikuwa yao, kwa hiyo hakuna hakimu ambaye angewapa kitu, lakini sikio halidanganyiki.

Maneno ya Kireno ni tafsiri ya yale ya Kihispania?

Nusu ni tafsiri, nusu ni wimbo mpya. Mwimbaji wa Brazil Márcia Ferreira, akishirikiana na José Ari, aliyaandika kwa Kireno na kuurekodi mwaka 1986 kwa jina "Chorando se foi". Toleo lake lilikuwa la halali, lenye idhini.

Linganisha mstari wa kwanza. Katika Kihispania, mwimbaji anasimulia kwamba mpenzi aliondoka akilia na kumwacha peke yake bila penzi. Katika Kireno, aliyeondoka akilia ni yule ambaye siku moja alimfanya mwimbaji alie. Hapo hali imegeuka: wa Bolivia ameachwa, wa Brazil ameshuhudia malipo. Sehemu ya kukumbuka penzi ambalo muda hauwezi kulifuta ikabaki karibu vilevile. Hiki ndicho unachopaswa kukitafuta ukilinganisha matoleo ya lugha mbili, kwa sababu mabadiliko madogo kama haya ni sawa na alama ya kidole ya mwandishi. Kaoma wanaimba maneno ya Márcia Ferreira, wala si tafsiri yao wenyewe kutoka Kihispania. Mpangilio wa ala nao unafanana na wake kiasi cha kutia aibu.

Kaoma walikuwa Wabrazili?

Kwa sehemu tu. Kaoma lilikuwa kundi lililoundwa Ufaransa kwa kazi maalumu. Kiongozi wa sauti, Loalwa Braz, alikuwa Mbrazili mzaliwa wa Rio de Janeiro aliyekuwa akiishi Paris. Nyuma yake kulikuwa na mtayarishaji na mpiga kinanda Jean-Claude Bonaventure, mpiga besi Chyco Dru kutoka Martinique, mpiga gitaa Jacky Arconte kutoka Guadeloupe, na mwimbaji Fania kutoka Senegal. Baadhi yao walikuwa wamepiga na Touré Kunda, kundi la Wasenegali lililokuwa na jina kubwa Paris miaka ya 1980. Kwa hiyo muziki uliouzwa kama jua la Brazil ulipigwa kwa sehemu kubwa na watu wa Karibi na wenye historia na bendi ya Afrika Magharibi, ndani ya Ufaransa. Sioni ubaya wowote hapo. Paris ya wakati ule ilikuwa hivyo, na ndiyo maana biti ni nzito kuliko ya Márcia Ferreira.

Waliopanga biashara ni wawili: Jean Karakos, mtu wa lebo, na Olivier Lorsac. Lorsac aliiona ngoma ya lambada ikichezwa Porto Seguro, mji wa pwani katika jimbo la Bahia, akaona pesa. Wakanunua haki za mamia ya nyimbo za lambada kwa mkupuo. Kisha wakaingia mkataba na televisheni ya TF1 na kampuni ya kinywaji cha Orangina, na majira ya joto ya 1989 Wafaransa hawakuwa na pa kujificha. Wimbo ulikaa namba moja Ufaransa kwa wiki 12. Uingereza ulifika namba 4. Marekani uliishia namba 46, jambo linaloshangaza ukikumbuka jinsi ulivyoenea kwingineko.

Wale watoto wa kwenye video je?

Chico na Roberta, watoto wa Brazil. Video ilipigwa Bahia, ufukweni: wanacheza, baba wa binti hataki, Loalwa Braz anaingilia kati. Baada ya mafanikio hayo watoto nao walirekodi nyimbo zao. Watu wengi wanaikumbuka sketi ya Roberta kuliko jina la kundi, na sitawalaumu.

Kwenye santuri yangu mtunzi ameandikwa "Chico de Oliveira". Ni nani huyo?

Ni jina la bandia la Olivier Lorsac. Wengi hudhani ni yule mtoto wa kwenye video, kwa vile naye anaitwa Chico, au ni mtunzi fulani wa kale wa Bahia. Santuri ilipotoka, jina la ndugu wa Hermosa halikuwepo, la Márcia Ferreira halikuwepo, na mtunzi aliyesomeka alikuwa na jina la Kibrazili ambalo lilimfichia Mfaransa.

Kwa mfuatiliaji, hili ni somo la vitendo. Majina yaliyo kwenye mabano chini ya jina la wimbo si ushahidi wa nani alitunga. Ni tamko la nani alijiandikisha kama mtunzi siku santuri ilipochapwa. Mara nyingi mawili hayo ni kitu kimoja. Pale yanapotofautiana ndipo penye habari, kwa hiyo ukikuta mtunzi ambaye hana wimbo mwingine wowote duniani ila ule mmoja ulioleta mamilioni, shuku.

Los Kjarkas waligunduaje, na kesi iliishaje?

Kugundua hakukuhitaji upelelezi. Kila redio ilikuwa inaupiga. Kilichowasaidia ni makaratasi. Ndugu wa Hermosa walikuwa wameusajili wimbo wao katika GEMA, shirika la hakimiliki la Ujerumani, miaka kabla ya Kaoma kuundwa. Kundi kutoka Bolivia kusajili kazi zake Ulaya linaweza kuonekana jambo la ajabu, lakini Los Kjarkas walikuwa wakisafiri na kuuza muziki nje, na usajili ule ndio uliowaokoa. Mtu akija na tarehe ya 1989, wewe ukawa na karatasi ya tarehe ya nyuma yake, mjadala haurefuki.

Haki ya ndugu hao ilitambuliwa na wakalipwa. Majina yao leo yapo kwenye wimbo huo kama watunzi. Ulises Hermosa hakufaidi kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1992 kwa saratani ya damu. Los Kjarkas wenyewe waliendelea.

Lakini lambada si ngoma ya Brazil?

Ndiyo, uchezaji ni wa Brazil bila ubishi, na pia jina. Tatizo ni kwamba watu hutumia neno moja kwa vitu vitatu: mtindo wa muziki, namna ya kucheza, na wimbo wa Kaoma. Ukivitenganisha, nusu ya ubishi inakufa.

Mtindo wa muziki ulikulia jimbo la Pará, kaskazini, kwenye mdomo wa mto Amazon. Huko kuna carimbó, ngoma ya wenyeji, na huko redio zilinasa mawimbi kutoka Karibi, kwa hiyo watu wa Belém, mji mkuu wa jimbo hilo, walikuwa wakisikia merengue na cumbia muda mrefu kabla ya watu wa Rio kuzijali. Mwanamuziki Pinduca, mtu wa carimbó, alitumia neno lambada kwenye wimbo wake mwaka 1976. Mwaka 1978 Mestre Vieira, mpiga gitaa wa Barcarena ng'ambo ya Belém, alitoa albamu "Lambadas das Quebradas", ambayo haina kodiani wala sketi ya kuzunguka: ni gitaa la umeme linalokimbia kama maji. Msikilize huyu hata kama Lambada yenyewe umeichoka. Anayependa gitaa la dansi la Kinshasa atapata mtu wa kuzungumza naye.

Uchezaji wa kukumbatiana, goti kati ya magoti na kiuno kikizunguka, ulipata sura yake Bahia, hasa Porto Seguro, ambako ndiko Lorsac alikoukuta. Wimbo wa Bolivia uliingia humo ukiwa tayari umevaa kodiani ya Peru na Kireno cha Márcia Ferreira. Kwa hiyo mchezo na tuni vilizaliwa mbali kabisa na vikakutana ukubwani.

Je, kuna chochote cha Kiafrika ndani yake, mbali na wanamuziki wa Paris?

Swali zuri, na jibu lake liko Bolivia. Los Kjarkas waliuita mtindo wa "Llorando se fue" saya. Saya ni ngoma ya Wabolivia wenye asili ya Afrika, wazao wa watu waliopelekwa utumwani enzi za Wahispania, wale wa migodi ya fedha ya Potosí na baadaye mashamba ya bonde la Yungas. Inachezwa kwa ngoma za ukubwa mbalimbali, kengele miguuni, na kuitikiana kati ya kiongozi na kundi.

Wenyewe wa Yungas wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bendi za mijini zimechukua jina la ngoma yao na kulibandika kwenye kitu kingine, ambacho wao wanasema kiitwe caporal. Mwaka 1988 waliunda vuguvugu la kuitetea saya yao. Ona sasa: mwaka mmoja kabla ya Los Kjarkas kuibiwa tuni na watu wa Paris, watu weusi wa Bolivia walikuwa wanadai kwamba jina la ngoma yao limechukuliwa na bendi za namna ya Los Kjarkas. Hakuna mahakama iliyosikiliza shauri hilo la pili, kwa kuwa mtindo hausajiliwi kama tuni. Unaposema "asili", ujue umesimama kwenye ngazi ambayo ina vidato vingine chini.

Jennifer Lopez aliurudia, aliuiba, au aliuchukua kipande?

Hakuuiba. "On the Floor", aliouimba na Pitbull mwaka 2011 chini ya mtayarishaji RedOne, ni wimbo mpya uliowekewa ndani yake tuni ya Lambada, na Gonzalo na Ulises Hermosa wametajwa miongoni mwa watunzi. Miaka 22 baada ya "Chico de Oliveira", mambo yalifanywa kwa utaratibu.

Hapa inafaa tutofautishe maana watu huchanganya:

Kurudia wimbo ni kuuimba wote ulivyo, tuni na maneno, kwa sauti yako. Cuarteto Continental walifanya hivyo. Kuuandikia maneno mapya, kama Márcia Ferreira, ni kazi nyingine na inahitaji ruhusa ya mtunzi, kwani umegusa kitu chake. Kuchukua tuni na kuijengea nyumba mpya, kama "On the Floor", ni ya tatu. Ya nne ni kukata kipande cha rekodi yenyewe na kukibandika kwenye yako. Hapo unadaiwa na wawili, mtunzi wa wimbo na mwenye rekodi. Kaoma waliurudia wimbo wa Márcia Ferreira ulivyo, bila ruhusa ya yeyote kati ya waliohusika.

Mwaka huohuo wa 2011 Don Omar wa Puerto Rico alitoa "Taboo", nayo imejengwa juu ya Lambada. Mwimbaji wa Japani Akemi Ishii aliwahi kuuimba kwa Kijapani mapema sana, mwaka 1990. Nyuma ya hao kuna msururu wa matoleo ya studio zisizo na jina, yaliyotengenezwa haraka 1989 na 1990 ili kujaza kanda za bei poa. Mengi yana jalada lenye mwanamke na sketi, na hayafai hata kwa mazoezi ya kucheza.

Nasikia kulikuwa na filamu mbili za lambada zilizotoka siku moja. Kweli?

Kweli. "Lambada" na "The Forbidden Dance" zote zilifika kumbi za Marekani tarehe 16 Machi 1990. Nyuma yake walikuwepo mabinamu wawili, Menahem Golan na Yoram Globus, waliokuwa washirika wa biashara wakagombana, kila mmoja akakimbilia kumaliza yake kwanza. Wimbo wa Kaoma umo kwenye "The Forbidden Dance". Zote mbili ni mbaya. Hiyo ya pili walau inachekesha.

Loalwa Braz aliishia wapi?

Aliendelea kuimba, na Lambada ilimfuata kila jukwaa. Aliuawa Januari 2017 huko Saquarema, jimbo la Rio de Janeiro, akiwa na miaka 63. Yeye si mmoja wa watu wa kulaumiwa katika mambo ya hakimiliki. Aliitwa kuimba, akaimba vizuri kuliko wote waliotangulia. Ukitaka kujua alileta nini, sikiliza anavyouburuta mwisho wa mstari nyuma kidogo ya biti, halafu umsikilize Márcia Ferreira ambaye anakwenda nayo sambamba.

Tovuti fulani inasema kuna toleo la mwaka wa nyuma zaidi. Niamini?

Kabla ya kuamini, tazama tarehe hiyo ni ya nini. Kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa mkusanyiko ambamo wimbo umetiwa, si wa wimbo wenyewe. Utakuta Los Kjarkas wameandikiwa mwaka 2005 na Kaoma 1989, halafu mtu akahitimisha kwamba Wabolivia ndio walioiga. Kinyume chake pia hutokea: mtu hupandisha video, anaandika "original 1975", na hakuna kinachomlazimisha athibitishe.

Kinachoaminika ni kitu kilichochapwa wakati ule. Namba ya katalogi kwenye ubavu wa jalada, lebo ya katikati ya santuri, na alama ya herufi P ndani ya duara, ambayo hubeba mwaka wa kutolewa rekodi. Herufi C ndani ya duara kwa kawaida ni ya jalada na maandishi, isikuchanganye. Discogs, tovuti inayoorodhesha santuri, ni mahali pazuri pa kuona picha za lebo hizo, kwa sababu wakusanyaji huzipiga picha pande zote. Soma picha zenyewe, kisha ndipo usome maelezo ambayo mtu ameandika pembeni.

Mbinu hii inafanya kazi kwa nyimbo nyingine za kuchezesha dunia?

Inafanya, na karibu kila mara utakuta mtu wa katikati aliyesahauliwa. "The Twist" ya Chubby Checker ya 1960 ilikuwa imerekodiwa kwanza na mtunzi wake, Hank Ballard, akaitoa 1959 upande wa pili wa santuri, mahali ambapo nyimbo hutupwa. "Macarena" ya Los del Río ya Hispania ilitoka 1993 bila kelele nyingi nje; iliyokaa namba moja Marekani kwa wiki 14 mwaka 1996 ni ile iliyofanyiwa kazi upya na Bayside Boys wa Miami, wakaongeza mistari ya Kiingereza.

Ulio karibu zaidi na Lambada ni wa Afrika. "Zangaléwa" ya Golden Sounds wa Cameroon ilitoka 1986. Kabla ya Shakira na Freshlyground kuutumia katika "Waka Waka" kwa Kombe la Dunia la 2010, kundi la wanawake la Jamhuri ya Dominika, Las Chicas del Can, lilikuwa limeshauimba kwa Kihispania miaka ya 1980. Ukisimulia kisa hicho ukawaruka hao wanawake, umefanya kosa lilelile la kuwaruka watu wa Lima.

Nataka kuurudia mimi, kwa Kiswahili. Inaruhusiwa?

Kuuimba ulivyo kwenye harusi ya jirani hakuna atakayekufuata. Kuurekodi na kuusambaza ni jambo jingine, na kuuandikia maneno ya Kiswahili ni jambo la tatu: hapo unahitaji idhini ya wenye haki ya utunzi. Anzia ofisi ya hakimiliki ya nchi yako, nao watakuelekeza kwa kampuni inayosimamia wimbo upande wa pili. Taja jina sahihi unapoomba. Ukiomba idhini ya "Lambada" unaweza kurudishiwa orodha ndefu ya nyimbo zenye jina hilo. Ukiomba "Llorando se fue" ya Hermosa, mnaelewana mara moja. Na kama maneno yako yatafuata yale ya Kireno, si ya Kihispania, sema hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa Márcia Ferreira na José Ari nao wana chao pale.

Nianze na toleo lipi nikitaka kusikiliza yote kwa kikao kimoja?

Usianze na la kwanza. Anza na Kaoma kwa kuwa tayari limo kichwani, rudi kwa Márcia Ferreira, kisha Cuarteto Continental, umalizie na Los Kjarkas. Ukienda kinyumenyume hivi, kila hatua inaondoa kitu kimoja: kwanza unaondoka uzito wa Paris, kisha Kireno, kisha kodiani, hadi unabaki na zampoña na tuni tupu. "On the Floor" iweke mwisho kabisa, ukishachoka kukaa.

Santuri yangu yenye "Chico de Oliveira" ni feki? Niitupe?

Si feki. Hivyo ndivyo matoleo ya kwanza ya 1989 yalivyochapwa. Yenye majina ya Hermosa ni ya baadaye, hasa mikusanyiko. Thamani yake sokoni ni ndogo, kwa sababu zilichapwa nyingi mno, lakini kama jalada bado liko safi, itunze. Wanaotaka kuiona ile lebo kwa macho yao bado wapo.